Jedwali radidia lilitokana na kitabu cha wanafunzi wa mwanzo

Jumatatu ya tarehe 1 Machi 1869, Dmitri Mendeleev alitakiwa awe safarini. Barua iliyomfikia mjini St. Petersburg ilihusu ziara ya kukagua viwanda vidogo vya jibini, kazi ambayo profesa huyu wa kemia, mpenzi pia wa mambo ya kilimo, alikuwa ameikubali. Safari iliahirishwa. Mendeleev aliigeuza barua ile na nyuma yake akaanza kulinganisha uzani wa atomu za elementi chache. Karatasi nyingine zikafuata, zikajaa alama zilizokatwa, zikarudishwa, kisha zikahamishwa tena. Siku hiyohiyo alipata jedwali la elementi 63 zilizojulikana wakati huo.

Ipo hadithi inayopendwa sana kwamba jedwali hilo alioteshwa usingizini. Ukizitazama karatasi zake, hadithi hiyo haina nguvu. Zimejaa jasho la mtu aliyekuwa macho, tena mwenye haraka.

Haraka hiyo ilitokana na kitabu cha kiada. Mendeleev alikuwa amesomea ualimu kwa miaka mitano, akafundisha sekondari Simferopol na Odessa, na mwaka 1867 akapewa kiti cha uprofesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha St. Petersburg. Hakuona kitabu cha Kirusi kilichomridhisha kwa wanafunzi wa mwanzo, basi akaanza kuandika chake, Misingi ya Kemia. Juzuu ya kwanza ilishughulika kwa kirefu na elementi nane tu: hidrojeni, oksijeni, nitrojeni, kaboni, kisha klorini na ndugu zake florini, bromini na iodini. Zikabaki 55, na juzuu moja ya kuziweka. Angeanza na ipi? Ipi ingefuata ipi, na kwa sababu gani, ili kijana aliyeingia maabara kwa mara ya kwanza asikabidhiwe orodha ndefu ya majina na kuambiwa ayameze?

Hilo ni swali la mwalimu. Ukiifuatilia historia ya misingi ya kemia utakutana nalo mara kwa mara: mtu anatafuta namna ya kueleweka na wanaoanza, na katika kutafuta anaipanga upya sayansi yenyewe.

Miaka 80 kabla ya siku ile, mjini Paris, Antoine Lavoisier alichapisha kitabu cha kemia kwa wanaoanza, Traité élémentaire de chimie, mwaka 1789. Wakati huo dutu ziliitwa kwa majina yaliyorithiwa kutoka kwa wataalamu wa kale: siagi ya antimoni, maua ya zinki, mafuta ya vitrioli. Mwanafunzi hakuweza kujua kutokana na jina kitu kimeundwa na nini. Lavoisier na wenzake watatu walikuwa wametoa mwaka 1787 utaratibu mpya wa majina, na katika dibaji ya kitabu chake anaeleza kwamba alikusudia kuufafanua utaratibu huo tu, lakini kazi ikageuka mikononi mwake kuwa kitabu kizima. Humo aliweka kanuni ambayo mwanafunzi bado anaielewa mara moja: kile ambacho hatujaweza kukigawanya kwa njia yoyote, tukihesabu kuwa ni elementi mpaka tutakapoweza. Aliorodhesha 33. Baadhi alikosea, maana aliuhesabu mwanga na joto humo humo, lakini kanuni yake ndiyo iliyowawezesha waliomfuata kuyasahihisha. Michoro ya vifaa ilichorwa na mkewe, Marie-Anne Paulze. Tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier alikatwa kichwa na serikali ya mapinduzi kwa sababu alikuwa mmoja wa wakusanya kodi wa mfalme.

Kitabu kingine kinachostahili kukumbukwa zaidi kuliko kinavyokumbukwa kiliandikwa London na mwanamke aliyeficha jina lake. Jane Marcet alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution, na akaona kwamba mambo yaliyompita ukumbini yalimwingia vizuri baada ya kuyazungumza na rafiki. Kwa hiyo alipoandika Conversations on Chemistry, kilichotoka mwanzoni mwa mwaka 1806, alikifanya kitabu chote mazungumzo. Bi B. anafundisha, Emily anauliza kwa utulivu, na Caroline anasubiri kwa hamu mambo ya milipuko. Kila swali ambalo anayeanza huona haya kuliuliza, mmoja wa wasichana wale analiuliza. Kilichapwa tena na tena, Uingereza na Marekani.

Nakala moja ilifika katika duka la kujalidi vitabu ambako kijana Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alikuwa akijifunza kazi. Shuleni Faraday alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Vitabu alivyoletewa kuvijalidi alivisoma, na maelezo ya Marcet aliyajaribu kwa vifaa vichache alivyoweza kumudu, akakuta ni ya kweli. Mwaka 1812 alipata nafasi ya kumsikiliza Davy mwenyewe, na mwaka 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara yake. Mwaka 1825 Faraday aligundua benzeni. Akiwa mtu mzima mwenye sifa Ulaya nzima, bado alimtaja Marcet kama mwalimu wake wa kwanza, na mihadhara yake mwenyewe kwa watoto kuhusu mshumaa, iliyochapwa kuwa kitabu mwaka 1861, ni kazi ya mtu aliyejua jinsi mlango wa sayansi unavyofunguliwa kwa asiye na shahada.

Hata hivyo, hadi wakati huo wanakemia hawakuwa wakikubaliana juu ya jambo la msingi kabisa: atomu ya kila elementi ina uzani gani? Waliochukulia kuwa oksijeni ina uzani wa 8 waliandika maji HO. Waliochukulia 16 waliandika H2O. August Kekulé alikusanya katika kitabu chake fomula 19 tofauti zilizokuwa zikitumika kwa asidi ya siki peke yake. Mwanafunzi aliyehama chuo kimoja kwenda kingine alilazimika kujifunza kemia upya.

Septemba 3, 1860, wanakemia wapatao 140 walikutana Karlsruhe, Ujerumani, kutafuta suluhu. Walibishana siku tatu, wakatawanyika bila makubaliano. Siku ya mwisho kiligawiwa kijitabu cha Stanislao Cannizzaro, mwalimu kutoka Italia. Humo hamkuwa na ugunduzi mpya. Kilikuwa muhtasari wa kozi aliyowafundisha wanafunzi wake wa Genoa, uliochapwa mwaka 1858, ukionyesha hatua kwa hatua jinsi wazo la Avogadro la mwaka 1811, kwamba ujazo sawa wa gesi, kwa joto na kanieneo ileile, una idadi sawa ya molekuli, linavyotosha kutoa uzani wa atomu usio na mkanganyiko. Wataalamu waliokuwa wamelipuuza wazo hilo kwa nusu karne wakalielewa lilipoletwa kama somo. Mjerumani Lothar Meyer alikisoma na mashaka yake yakaondoka, na mwaka 1864 akatoa kitabu chenye jedwali lake mwenyewe la elementi 28. Mendeleev naye, akiwa na umri wa miaka 26, alikuwamo mkutanoni Karlsruhe. Bila kijitabu cha Cannizzaro, ile Jumatatu ya mwaka 1869 asingekuwa na namba za kupanga.

Wengine walijaribu. Mwingereza John Newlands alipoeleza mwaka 1866 kwamba sifa za elementi hujirudia katika kila elementi ya nane, msikilizaji mmoja alimuuliza kama amejaribu kuzipanga kwa alfabeti. Kilichomtofautisha Mendeleev ni ujasiri wa kuacha nafasi tupu. Aliziweka elementi kwa uzani, lakini sifa zilipokataa, alizifuata sifa. Teluri ina uzani mkubwa kuliko iodini, naye akaitanguliza. Berili ilidaiwa kuwa na uzani wa 14, akasema ni 9. Na pale ambapo hakuna elementi iliyojulikana iliyofaa, alisema ipo, bado haijapatikana, na mwaka 1871 akatabiri kwa kirefu sifa za tatu kati ya hizo.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran alipata galiamu, akapima msongamano wake, akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa amewahi kuiona metali hiyo, aliandika kuwa unapaswa kuwa karibu 5.9. Mfaransa akaisafisha sampuli yake, akapima tena, akapata 5.9. Nijuavyo mimi, hakuna ushahidi mzuri zaidi wa nguvu ya mpangilio uliobuniwa kwa ajili ya darasa. Skandiamu ikafuata mwaka 1879. Mwaka 1886 Clemens Winkler, kule Freiberg, akapata gerimaniamu: uzani uliotabiriwa ulikuwa 72, uliopimwa 72.3. Elementi hiyo, inayotumika leo katika nyaya za mawasiliano za nyuzi za kioo, imo katika madini ya Kipushi, Katanga.

Mengine yalikuja baadaye. Gesi adimu ziliongezwa kuanzia mwaka 1894, na mwaka 1913 Henry Moseley akaonyesha kwamba kinachopanga elementi ni namba ya atomu, uzani ukiwa dalili tu. Aliuawa vitani Gallipoli miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 27. Leo jedwali lina elementi 118.

Katika shule zetu jedwali hilo hubandikwa ukutani likiwa limekamilika, na mwanafunzi wa kidato cha pili hutakiwa kukariri elementi 20 za mwanzo. Tatu kati ya hizo, heliamu, neoni na argoni, Mendeleev hakuwa nazo. Alilijenga kwa zile 17 na nyinginezo, akijua kwamba halijatimia.

Ombi langu kwa walimu wa kemia ni hili. Kabla ya kulibandika, kateni karatasi ya manila iwe kadi 17, andikeni katika kila moja jina la elementi, uzani wake na namna inavyoungana na hidrojeni au oksijeni, kisha wapeni wanafunzi wazipange wenyewe. Ficheni ya silikoni. Waacheni waone pengo, wabishane, wakadirie uzani na tabia za kitu wasichokiona. Wakishaandika majibu yao ubaoni, ndipo mwaonyeshe kadi.