Mwezi wa Ibada na Mvua ya Mkulima: Wakati wa Kupanda Mimea ya Dawa



Mara nyingi tunawasikia wazazi wakisema, "Tutapanda baada ya Ramadhani." Nia ni njema, lakini tutazame hesabu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka unatangulia mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Mwaka 2008 Ramadhani ilianza Septemba, wakati wa mvua za pili. Mwaka 2016 ilianza Juni, mvua za kwanza zikipungua. Mwaka 2025 ilianza mwezi wa Machi. Mwandamo wa mwezi ni wa saumu na hija. Mbegu inafuata jua na mvua.

Waislamu waliotutangulia walilijua hilo. Kalenda ya Cordoba ya mwaka 961 ilipanga kazi za shamba kwa miezi ya jua. Huko Yemen, karne ya 13, al-Ashraf Umar, aliyekuja kuwa sultani, aliandika kalenda yenye nyakati za kupanda, nayo pia kwa miezi ya jua. Wazee wetu wa pwani nao walihesabu siku tangu Nairuzi, kumi kumi, wakaziita miongo, kwa ajili ya kilimo na safari za bahari.

Lakini tusinakili tarehe zao. Cordoba mvua hunyesha majira ya baridi. Kwetu Jinja mvua za kwanza ni Machi hadi Mei, na za pili takriban Septemba hadi Novemba. Mbale, chini ya Mlima Elgon, ukavu mkubwa ni Desemba hadi Februari. Tuchukue njia yao, yaani kutazama mbingu za mahali petu na kuandika.

Mfano ni atemisia, mmea wa China unaotoa dawa ya malaria. Mbegu yake ni ndogo mno na huhitaji mwanga ili iote, basi hunyunyizwa juu ya udongo wa kitalu bila kufukiwa. Miche hukaa kitaluni wiki kadhaa. Anayengojea mvua za Machi asie Januari au Februari, akimwagilia kwa upole, ili miche ihamishwe ardhi ikiwa imelowa. Tena mmea huu hutoa maua siku zikiwa fupi. Kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, hivyo aina isiyofaa huchanua ingali fupi, na majani huwa machache. Chagueni aina inayochelewa kuchanua, mvune kabla ya maua.

Tahadhari: Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya atemisia kutibu malaria. Mtoto akipata homa, apelekwe kituo cha afya akapimwe.

Wanafunzi, wekeni daftari nyumbani. Andikeni siku ya mvua ya kwanza, siku ya kusia na siku miche ilipoota. Baada ya miaka michache familia itakuwa na kalenda yake.

Wabillahi tawfiq.