Mboji Mbichi

Wanangu walitaka ziwa la kasoko. Walikuwa wamelisoma shuleni: mlima unalipuka, kilele kinabomoka, shimo linabaki, mvua inalijaza. Kutoka Landless, mtaa wetu hapa Thika, mlima unaoonekana ni Kilimambogo, nao walikuwa wameshaamua kwamba kileleni lazima kuna shimo lenye maji. Nikawavunja moyo. Kilimambogo, pamoja na mita zake 2,145, haukutemwa na volkeno yoyote. Ni kisiki cha miamba ya kale kilichobaki kimesimama baada ya ardhi iliyokizunguka kumomonyoka. Maziwa ya kasoko yapo, ila si ya jirani: lile la kijani karibu na Naivasha, Chala pale mpakani Taita Taveta, na Duluti nje kidogo ya Arusha, ambalo mtu hulizunguka kwa miguu na watoto wake bila mtoto kuomba kubebwa. Nauli ya watu watatu ikaamua. Tukaenda Ondiri.

Ondiri iko mjini Kikuyu, kaunti yetu hii hii ya Kiambu, lakini kwa matatu ni lazima ushuke hadi Nairobi kisha upande tena upande wa pili. Tulifika saa nne, tukaanza kutembea kando kando. Ni kama hekta 30 tu, mwendo ambao mtoto wa miaka sita anaumudu mradi mfukoni mwa mama mna njugu. Ukitazama kwa mbali unaona uwanja wa kijani, matete na mafunjo na nyasi, na ukibahatika korongo taji wawili wanatembea humo kwa madaha kama wenye shamba. Maji huyaoni.

"Mama, hii ni ziwa ama ni shamba?" akauliza mdogo, na kabla sijajibu akaruka kwa miguu yote miwili pembeni mwa nyasi. Nyasi zikapanda na kushuka. Si pale alipotua tu. Hata tete lililokuwa hatua tano mbele yake lilitikisa kichwa. Mzee mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe akainua panga lake kutuonya. "Mama, shika huyo mtoto mkono. Hapo panacheza."

Panacheza. Sijapata maelezo bora zaidi. Alichokanyaga mwanangu hakikuwa ardhi bali mkeka wa mizizi, mashina na majani yaliyosukana kwa miaka mingi, umetandazwa juu ya maji na tope. Hadithi za ng'ombe na watu waliomezwa hapo hazikosekani Kikuyu, na ukishaona nyasi zikipanda na kushuka huzicheki.

Kwa Kiingereza mahali hapo pana jina lake, "quaking bog", na Ondiri hutajwa kuwa pa pekee pa namna hiyo nchini Kenya. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, kwa hiyo tukiwa ndani ya matatu ya kurudi, mdogo kasinzia, mkubwa akataka nimwambie Kiswahili chake ili aandike kwenye daftari. Nikasema kinamasi. Akaniuliza kama kinamasi cha Ondiri na kile cha nyuma ya kituo cha basi mvua ikinyesha ni kitu kimoja. Nikanyamaza mpaka Roysambu.

Maneno ya maji yaliyotuama hatuna uhaba nayo. Bwawa lina maji ya kuonekana, na siku hizi mara nyingi limechimbwa na mtu. Ardhi oevu ni neno zuri la ofisini, pana mno, linakusanya humo mikoko ya Lamu na mashamba ya mpunga ya Mwea. Kinamasi kina utelezi ndani yake, ule ule wa bamia. Tingatinga lilikuwa jina halali la mahali penye matope mengi, lakini ukilitamka Landless leo kila mtu atageuka kutafuta mashine ya njano ya kuchimba barabara. Neno limeshachukuliwa, na sioni wa kulirudisha. Haya yote yanataja maji na tope. Hakuna linalotaja kile kitu cheusi, chepesi, chenye nyuzi nyuzi, kilichoutengeneza mkeka wa Ondiri. Kiingereza hukiita "peat", na hapo ndipo pana kazi.

Njia ya mkato ni kusema mboji. Nimeiona katika tafsiri zaidi ya moja, na mimi mwenyewe niliwahi kuitumia kabla ya Ondiri. Ni kosa. Mboji ni mabaki ya mimea yaliyokwisha kuoza, yakawa udongo mweusi mwororo unaovunjika kidoleni. Mkulima huisifu kwa sababu uozo umekamilika na chakula cha mimea kimefunguka. Hiki kingine ni kinyume chake. Ni mimea iliyokufa ikaanguka majini, na maji yakaifunika kiasi kwamba hewa haikuifikia. Vijidudu vya kuozesha vinahitaji oksijeni. Vikiikosa hufanya kazi kwa kujivuta. Kila mwaka majani mapya huanguka juu ya yale ambayo hayajaisha, na rundo linakua, mara nyingi kwa milimita moja hivi kwa mwaka. Mita tatu za kitu hicho ni kama miaka 3,000 ya majani yasiyokwisha kuoza. Huko Denmark, mwaka 1950, wachimbaji walikuta ndani yake maiti ya mwanamume mwenye ndevu zilizoanza kuota, wakaita polisi wakidhani ameuawa juzi. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka 2,000 kabla. Mtu huyo angelala ndani ya mboji, asingebaki hata unywele.

Kuna watakaosema tuandike "piti" tuendelee na maisha yetu. Wana hoja, tena hoja yao inauzwa kwa gunia barabarani. Wauza miche wa kuanzia Ruiru hadi Thika wote wanajua kokopiti: wanaijaza katika trei, wanapanda mbegu ya nyanya au sukuma wiki, wanamwagilia. Tatizo ni kwamba kokopiti haina piti hata chembe. Ni vumbi la makumbi ya nazi. Neno lilibandikwa hapo na wafanyabiashara kwa sababu vitu viwili hivyo vinashika maji kwa namna moja. Kwa hiyo piti imetufikia ikiwa imebebwa na kitu kisichokuwa piti, na mwanafunzi wa Thika akilisikia neno hilo darasani atafikiria minazi.

Ila hayo makumbi yalinisaidia kwa njia nyingine. Pwani, Unguja hasa, wanawake hufukia makumbi katika mchanga na tope la ufukweni, mahali bahari inapopwa na kujaa, wakayagandamiza kwa mawe na kuyaacha kwa miezi. Wakiyafukua, yananuka vibaya, nyama laini imelegea, lakini nyuzi ziko nzima. Wanazipiga kwa gongo, wanazisokota, zinakuwa kamba. Wanajua, bila ya kuambiwa na maabara, kwamba kilichofukiwa kwenye tope la maji hakiozi kama kilichoachwa juu ya jaa. Ujuzi tunao. Tunaukosea jina tu.

Jina lenyewe lilinijia jikoni, na si kwa ustadi wangu. Nilimtuma mkubwa aanue nguo, akarudi mikono mitupu: "Bado ni mbichi." Katika lugha yetu nguo yenye maji ni mbichi. Ndizi isiyoiva ni mbichi. Nyama isiyopikwa ni mbichi, na kuni zisizokauka ni mbichi pia. Neno moja linabeba maji na kutokamilika kwa pamoja, na hizo ndizo sifa mbili za kitu kile cha Ondiri: kimelowa, na hakijamaliza kuoza. Mboji mbichi.

Nilimpelekea mhariri mmoja, akanirudishia pingamizi la haraka. Rwanda wanachimba kitu hicho, wanakikausha na kukichoma kuzalisha umeme, huko Gisagara. Je, tutasema mboji mbichi iliyokaushwa? Tutasema, na wala masikio hayataumia. Tofali ambalo halijachomwa huitwa tofali bichi hata likikaa juani mwaka mzima likakauka kama mfupa. Ubichi wa tofali ni wa tanuri, si wa maji. Wanyarwanda wenyewe, kwa njia, hawakuazima: wana nyiramugengeri, na wahandisi wao wanalitumia bila haya. Natamani tungekuwa na neno la kurithi namna hiyo. Hatuna, basi tunaunganisha.

Na si neno la kuweka kabatini. Kati ya nchi mbili za Kongo, katika misitu ya bonde kuu, watafiti walieleza mwaka 2017 kwamba pana mboji mbichi kwenye eneo la kilomita za mraba 145,500, yenye kaboni tani bilioni 30 hivi. Duniani kote ardhi ya aina hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini kaboni yake inazidi ile iliyo katika miti ya misitu yote. Ukiita kitu hicho mboji, mkulima atasikia mbolea na kufikiria kulima. Akichimba mtaro maji yatoke, hewa itaingia, na uozo uliokuwa umesimama kwa maelfu ya miaka utaendelea ulipoachia. Kaboni itapanda angani, na shamba lenyewe litanywea mwaka hadi mwaka. Mbichi inamwonya kidogo. Chakula kibichi hakipakuliwi.

Limebaki lile la kucheza. Kamusi zinalo neno limelala: kutitia, ardhi kubonyea na kutikisika chini ya mguu, kama mtu anayezama topeni. Watoto wangu hawakuwahi kulisikia, nao walilipenda mara moja kwa sababu linatamkika kama kitendo chenyewe. Kwa hiyo daftarini Ondiri ni kinamasi kinachotitia, na sakafu yake ni mboji mbichi. Wataalamu wa Kiingereza wenyewe hawakubaliani kabisa kuhusu jina lile la "quaking bog", maana wakali wao hutaka "bog" iwe ile inayonyeshewa na mvua peke yake, ilhali Ondiri hulishwa pia na maji ya chini ya ardhi. Sisi hatulazimiki kuingia katika ugomvi huo. Kinachotitia kinatitia, maji yawe ya juu au ya chini.

Hayo maji ya chini, yakishachujika katika mkeka ule, hutoka upande wa pili yakiwa Mto Nairobi. Yanapita Chiromo, Gikomba, Dandora, yanaingia Athi, kisha, kwa mzunguko ambao sikuufikiria hadi nilipofungua ramani, yanakuja kuangukia Fourteen Falls, chini ya Kilimambogo, mwendo mfupi wa matatu kutoka Landless kwa barabara ya Garissa. Jumapili mbili baadaye tulikwenda. Povu jeupe lilikuwa limejazana kwenye mawe kama sabuni ya dobi, na chupa za plastiki zikizunguka humo bila kupata pa kutokea. Nikamwambia mdogo kwamba baadhi ya maji hayo ndiyo yale aliyoyarukia.

Alishika pua, akayatazama kwa muda.

"Kumbe ni huku ndiko yanaozea," akasema.