Lugha Moja kwa Vifaa Vingi: Historia ya Kiwango cha AES67

Kwa miongo mingi, nani alitengeneza kifaa cha sauti halikuwa swali zito. Maikrofoni ya kampuni moja iliunganishwa kwa waya na mtambo wa kampuni nyingine, na sauti ikapita. Hata sauti ya kidijitali ilipoingia studioni, Jumuiya ya Wahandisi wa Sauti (AES) ilichapisha mwaka 1985 kiwango cha AES3, kilichoeleza jinsi chaneli mbili zinavyosafirishwa katika waya mmoja. Mambo yaliharibika pale sauti ilipohamia kwenye mtandao wa kompyuta. Katika insha hii ninaeleza jinsi vifaa vya sauti vilivyopoteza lugha ya pamoja na jinsi vilivyoipata tena kwa kiasi. Ninadai kwamba kiwango cha AES67 kilifaulu kwa sababu kilikubali kusimamia mambo machache, na kwamba yale kilichoyaacha ndiyo yanayomshughulisha fundi mpaka leo.

Mwaka 1996, kampuni ya Peak Audio ya Boulder, Colorado, ilileta CobraNet, mfumo wa kupitisha chaneli nyingi za sauti katika nyaya na swichi za kawaida za Etheneti. Faida yake ilikuwa wazi: waya mmoja mwembamba ulichukua nafasi ya bunda zima la nyaya nzito. Wengine walifuata. Mwaka 2003 Axia, tawi la Telos la Cleveland, lilitoa Livewire kwa ajili ya vituo vya redio. Mwaka 2006 Audinate ya Sydney ilianzisha Dante, na mwaka 2010 ALC NetworX ya Munich ikatangaza RAVENNA. Mifumo hii ilitumia nyaya zilezile na swichi zilezile, lakini haikusikilizana. Vifaa viwili vingeweza kukaa katika kabati moja, vimechomekwa kwenye swichi moja, na bado kimoja kisijue kwamba chenzake kinazungumza. Aliyeumia ni mnunuzi. Akishachagua mfumo, alifungwa nao, kwa sababu kuubadili kulimaanisha kununua upya karibu kila kitu.

Mwishoni mwa mwaka 2010, AES ilifungua mradi ulioitwa X192 ili kutafuta maelewano. Aliyeuongoza ni Kevin Gross, mtu yuleyule aliyebuni CobraNet. Naona jambo hili lina maana kubwa: mwenye kuzaa lahaja ya kwanza ndiye aliyesimamia utafutaji wa lugha ya wote. Matokeo yalichapishwa Septemba 2013 kwa jina la AES67. Kamati haikubuni teknolojia mpya. Ilichagua itifaki zilizokuwa zikitumika tayari na kuweka kima cha chini ambacho kila kifaa lazima kikiweze: sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16 na 24, pakiti zenye urefu wa milisekunde moja, yaani sampuli 48 kwa kila chaneli, na saa moja inayosawazishwa kwa itifaki ya PTP ya mwaka 2008.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaijua historia inayokaribiana na hii. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar ilisanifisha Kiswahili kwa kuichukua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi. Waliozungumza Kimvita au Kiamu walitakiwa kuandika kwa lahaja ya wenzao. AES67 kilikwenda njia nyingine. Hakikutawaza lahaja ya kampuni yoyote, na kila kampuni ilibaki na mfumo wake wa nyumbani huku ikijifunza lugha ndogo ya sokoni ya kukutana na wengine. Nadhani ndiyo maana washindani walikubali: hakuna aliyeombwa ajifute.

Lakini lugha ya sokoni ina mipaka, na mipaka hiyo inaonekana katika menyu ya mipangilio. Chukua mfano wa kuunganisha vifaa vya Dante na vya RAVENNA. Kwanza ni saa. Dante ilizaliwa mwaka 2006, kwa hiyo ilijengwa juu ya toleo la kwanza la PTP, la mwaka 2002. RAVENNA ilikuja baada ya toleo la pili kutoka. Matoleo hayo mawili hayaelewani. Fundi akiwasha hali ya AES67 katika kifaa cha Dante na kukiwasha upya, kifaa hicho huweza kuwa daraja kati ya saa mbili. Miaka minne inayotenganisha mifumo hiyo miwili ndiyo iliyozaa hatua hii.

Pili ni kutambuana. AES67 hakikulazimisha njia yoyote ya kifaa kutangaza kwamba kina sauti ya kutoa. Dante hutangaza mikondo yake ya AES67 kwa itifaki ya SAP, ilhali RAVENNA hutumia Bonjour. Hivyo sauti yaweza kuwa inapita mtandaoni bila kuonekana katika orodha ya upande wa pili. ALC NetworX ilitoa programu ya RAV2SAP ya kutafsiri matangazo hayo. Bila programu kama hiyo, fundi hunakili kwa mkono maelezo ya mkondo kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Tatu ni anwani za multikasti: kwa Dante huanza na 239, na namba inayofuata, ambayo kiwandani huwekwa 69, inapaswa kulingana pande zote.

Je, kamati ilikosea kuyaacha haya? Sidhani. Kama ingesubiri kila kampuni ikubali namna moja ya kutangaza, huenda kiwango kisingetoka. Kwa kuwa kilitoka, Oktoba 2014 kampuni kadhaa zilikutana Munich, katika taasisi ya utafiti ya watangazaji IRT, na kujaribu vifaa vyao pamoja. Mwaka 2017 chama cha SMPTE kilijenga juu ya AES67 sehemu ya sauti ya kiwango chake cha televisheni, ST 2110.

Hata hivyo, maelewano haya yana gharama, na anayeilipa si aliyeketi kwenye kamati. Yale ambayo kampuni hazikuyaafiki mezani yamekuwa kazi ya fundi wa kituo, anayelinganisha saa, anwani na matangazo kabla kipindi hakijaenda hewani. Akiijua historia hii, hatayaona mipangilio hiyo kama uchawi wa kukariri. Ataujua kila mpangilio ulitokana na makubaliano gani, au na kushindwa gani kukubaliana, na sauti ikikatika atajua aanze kutazama wapi.