Mfumo wa umahiri

Mfumo wa umahiri ni utaratibu ambao taasisi huutumia kuainisha maarifa, stadi na mwenendo unaotakiwa katika kila kazi, kisha kuajiri, kupima, kufundisha na kupandisha cheo watumishi kwa kuzingatia vigezo hivyo. Chimbuko lake ni makala ya mwanasaikolojia wa Marekani David McClelland ya mwaka 1973, iliyotaka watu wapimwe kwa umahiri badala ya akili; mtafiti Richard Boyatzis alilipeleka wazo hilo kwa mameneja mwaka 1982.

Tanzania haina jedwali moja la umahiri kwa kazi zote. Kinachokaribiana nalo serikalini ni miundo ya utumishi, inayotaja sifa na kazi za kila cheo. Katika Hedaru, kata ya Wilaya ya Same iliyo chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha, mfano ulio karibu ni mtendaji wa kijiji. Anayeingia daraja la III hutakiwa awe amemaliza kidato cha nne au sita na kupata astashahada ya fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au kingine kinachotambuliwa. Kazini huandika mihtasari ya vikao, husimamia mipango ya kijiji na husikiliza migogoro. Stadi hiyo ya mwisho, pengine nzito kuliko zote, cheti hakiipimi.

Utendaji wa watumishi wa umma kama huyu ulipimwa tangu 2004 kwa OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi. PEPMIS, mfumo wa kidijitali, ulichukua nafasi yake katika mwaka wa fedha 2023/24.