Historia ya Uvimbe Mdogo

Madaktari wanaotibu saratani ya figo wana kipimo chao. Uvimbe usiozidi sentimita 4, ambao bado haujatoka nje ya figo, huitwa mdogo. Sentimita 4 ni kama ndimu. Katika nchi zenye uwezo, uvimbe wa namna hiyo siku hizi huondolewa kwa msaada wa roboti. Daktari hukaa kwenye kiti hatua chache kutoka alipolala mgonjwa, akatazama picha iliyokuzwa, na mikono ya mashine hufuata mwendo wa mikono yake ndani ya tumbo kupitia matundu madogo. Uvimbe unatoka, figo inabaki.

Mimi si daktari. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kilichonivuta katika habari hii ni lile neno "mdogo". Figo imejificha nyuma ya tumbo, imefunikwa na mbavu na kuzungukwa na mafuta. Uvimbe unaweza kukua humo kwa miaka bila kuuma wala kupapaswa. Ili uitwe mdogo, lazima kwanza mtu auone. Kuona ndani ya mwili wa mtu aliye hai kuna historia yake, na historia hiyo haikufika kila mahali kwa siku moja. Nimekulia Kilwa Kivinje, kwa hiyo nitaisimulia nikiitazama kutoka huko.

Tarehe 2 Agosti 1869, katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, daktari Gustav Simon alimwondolea figo moja mwanamke aitwaye Margaretha Kleb. Upasuaji wa awali ulikuwa umeharibu mrija wake wa mkojo, na mkojo ukawa unavuja bila kukoma. Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba binadamu anaweza kuishi na figo moja. Simon alijaribu kwanza kwa mbwa, akaona wanaishi, ndipo akathubutu. Mama yule alipona. Mwaka 1887, katika mji huohuo, Vincenz Czerny alikwenda hatua moja zaidi: alikata sehemu yenye uvimbe tu, akaiacha figo iliyobaki ifanye kazi. Wazo ambalo roboti inalitekeleza leo lilikuwa tayari limezaliwa.

Mwaka uliofuata, Wajerumani wa aina nyingine walikuwa Kilwa. Septemba 1888 watu wa Kilwa Kivinje waliwaua maofisa wawili wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuja kushika pwani na ushuru wake. Vita na ukandamizaji vikafuata. Novemba 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani katika eneo hilo, alinyongwa kwenye mwembe mjini Kivinje. Mti ule ukaitwa Mwembe Kinyonga, na hospitali yetu ya wilaya inaitwa Kinyonga hadi leo. Mwezi huohuo wa Novemba 1895, huko Würzburg, Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei. Kwa mara ya kwanza binadamu aliona mifupa ya mtu aliye hai bila kumpasua.

Ninaweka matukio haya pamoja kwa sababu yalitokea pamoja, ingawa vitabu vya tiba na vitabu vya ukoloni huyaweka katika rafu tofauti. Pwani ya Kilwa ilikutana na Ujerumani iliyokuwa inajifunza kuona ndani ya mwili. Ilichokiona kwanza ni bunduki na kamba.

Hata hivyo eksirei haikutosha kwa figo. Inaonyesha vizuri mfupa na risasi, lakini figo ni nyama laini. Hata baada ya kubuniwa dawa inayochomwa kwenye mshipa ili njia ya mkojo ionekane kwenye picha, mwishoni mwa miaka ya 1920, uvimbe mdogo uliendelea kupita bila kujulikana. Kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kungoja dalili tatu: damu kwenye mkojo, maumivu ya ubavuni, na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Zilipotimia zote tatu, mara nyingi saratani ilikuwa imeshakwenda mbali. Kwa hiyo dawa iliyoaminiwa ilikuwa kuondoa figo nzima pamoja na mafuta yake. Njia hiyo ilipata nguvu zaidi miaka ya 1960, kupitia kazi za daktari Charles Robson wa Kanada. Wazo la Czerny likawekwa kando kwa sababu uvimbe mdogo wa kulitumia haukuwa ukionekana.

Katika pwani yetu dalili ya kwanza kati ya zile tatu ina tatizo lake. Hapa damu kwenye mkojo ina jina la zamani: kichocho. Theodor Bilharz aliwatambua minyoo wake mjini Cairo mwaka 1851. Minyoo hao hutoka kwa konokono wa maji baridi, huingia kupitia ngozi ya anayeoga, anayefua au anayelima mpunga, kisha hukaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu. Katika sehemu nyingi za Afrika, mtoto wa kiume kukojoa damu kulionekana jambo la kawaida, hata dalili kwamba anakua. Dawa ya praziquantel imeleta nafuu kubwa, na hugawiwa shuleni. Lakini mazoea hayatibiwi kwa vidonge. Pale ambapo kila mtu anaijua damu hiyo, ni rahisi kusahau kwamba inaweza kuwa inasema jambo jingine: kichocho cha muda mrefu chenyewe huweza kuleta saratani ya kibofu, na figo nayo huweza kutoa damu kwa sababu zake.

Nalijua hili nyumbani. Mjomba wangu ni mvuvi, na utotoni alikwenda sana bondeni kuwafukuza ndege kwenye mpunga. Alipoanza kuona damu akiwa na miaka hamsini na kitu, hakushtuka. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikaa nayo, alinijibu, "Mjomba, hiyo sisi tumekua nayo. Ungemwendea daktari kumwambia nini?" Alikunywa dawa ya kichocho, damu ikakoma, ikarudi, akanywa tena. Ni kawaida ya uvimbe wa figo kutoa damu na kunyamaza, kwa hiyo kila mara ilionekana dawa imefanya kazi. Siku alipopitishiwa kipimo cha ultrasaundi, uvimbe ulikuwa sentimita 11. Alisafirishwa Dar es Salaam, akapasuliwa kwa kisu cha kawaida, figo nzima ikatoka. Yu hai. Anaishi kama Margaretha Kleb, kwa figo moja, ila ana shinikizo la damu, na tunajua kwamba hiyo iliyobaki ikichoka atahitaji mashine ya kusafisha damu mbali na bahari yake.

Kilichobadilisha habari ya figo duniani kilikuwa jicho kabla ya kuwa mkono. Katika miaka ya 1950 daktari Ian Donald wa Glasgow alichukua kifaa cha viwandani kilichotumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa kwenye chuma, akakielekeza kwenye tumbo la mwanadamu. Makala yake ya mwaka 1958 ilifungua njia ya ultrasaundi. Oktoba 1971, London, mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza. Vifaa hivi viliposambaa, jambo lisilotarajiwa likatokea: watu waliokwenda kupimwa nyongo au mgongo walikutwa na uvimbe kwenye figo, wa sentimita mbili, tatu, bila dalili yoyote. Leo, katika nchi tajiri, zaidi ya nusu ya saratani za figo hugunduliwa kwa bahati namna hiyo. Ndipo wazo la Czerny lilipopata watu wake.

Mikono ikafuata jicho. Mwaka 1990 Ralph Clayman na wenzake huko St. Louis, Marekani, waliondoa figo kupitia matundu madogo. Mwaka 2000 roboti ya da Vinci iliruhusiwa Marekani, na kufikia mwaka 2004 madaktari walikuwa wameandika juu ya kutumia roboti kukata uvimbe na kuiacha figo. Ugumu wa kazi hii ni wakati. Daktari hubana mshipa unaoleta damu kwenye figo ili akate bila mafuriko ya damu, na figo ikikosa damu kwa kama nusu saa huanza kudhurika. Ndani ya dakika hizo uvimbe utoke wote na jeraha lishonwe. Roboti haiamui kitu. Inamwezesha daktari kushona kwa utulivu mahali pafinyu. Kazi hiyohiyo hufanyika pia kwa kisu cha kawaida, na saratani hudhibitiwa vizuri, ila jeraha ni kubwa na kupona huchukua muda zaidi. Kisichowezekana kwa mashine wala kwa kisu ni kuuokoa wakati uliopita kabla uvimbe haujaonekana.

Mtu anaweza kusema kwamba mkoa wa Lindi uko pembeni mno, ndiyo maana macho hayo yalichelewa. Historia inasema vingine. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wanasayansi wa Kijerumani walichimba Tendaguru, ndani ya Lindi, wakitafuta mifupa ya dinosaria. Mamia ya vibarua, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, walichimba na kubeba zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mnyama mmoja kati ya hao amesimama leo katika jumba la makumbusho Berlin, akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Mwaka 1974 gesi iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha Kilwa. Gesi hutafutwa kwa mawimbi ya mtetemo yanayopelekwa chini na kusikilizwa yakirudi, kanuni ileile ya ultrasaundi. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo imekwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Ardhi yetu, basi, imetazamwa ndani kwa makini kuliko miili yetu. Aliyetaka kuona aliona.

Mjomba alipita njia ileile ya gesi kuelekea kaskazini. Barabara hiyo nayo ina historia: daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla yake ilikuwa kungoja kivuko. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara Kilwa, na safari zikasimama. Mgonjwa anayetegemea jicho lililoko Dar es Salaam hutegemea pia kila karavati la njiani.

Sisemi haya kwa kukata tamaa. Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, ikishirikiana na madaktari kutoka India. Mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikafanya hivyo pamoja na Wajapani. Oktoba 2023 kituo cha kufundisha upasuaji wa matundu madogo kilizinduliwa Kigali. Juni 2025 daktari aliyekuwa Florida alimpasua tezi dume mgonjwa aliyelala Angola, kwa roboti. Karibu nasi, mashine za CT zimeanza kufika katika hospitali za rufaa za mikoa, na Mtwara sasa ina hospitali ya rufaa ya kanda.

Roboti itafika, na itakapofika itapigwa picha nyingi. Lakini mpangilio wa historia ya figo uko wazi: jicho lilitangulia, mkono ukafuata. Zahanati ya Kivinje au Somanga haihitaji mikono ya chuma. Inahitaji utaratibu kwamba mtu mzima akimaliza dawa ya kichocho na damu ikarudi, asipewe vidonge vilevile mara ya tatu kabla hajapitishiwa ultrasaundi. Mashine hiyo hubebwa kwa mkono mmoja, na uvimbe wa figo wa ukubwa wa ndimu mara nyingi huonekana humo. Upasuaji ukifuata, hata wa kisu cha kawaida, figo ina nafasi ya kubaki mahali pake.