Ukiandika "cash" Dhahabu Inamwagika: Konsoli ya Gemu na Stori ya Kweli ya Kahama na Geita

Kuna kijana mmoja wa Kahama, tusimtaje jina, usiku umeme ukirudi tu anawasha laptopu. Anacheza Europa Universalis IV, lile gemu la Paradox, Waswidi wa Stockholm, lililotoka Agosti 2013. Kachagua Karagwe. Saa mbili baadaye hazina imekauka, wanajeshi wanadai chao, Buganda inasogea kutoka kaskazini. Jamaa anabonyeza kitufe kilicho chini ya Esc, kinafunguka kidirisha, anaandika: cash 5000. Kufumba na kufumbua, mkwanja umeingia.

Hiyo ndiyo konsoli. Siyo hiyo tu. Kuna yesman, ambayo inafanya kila nchi inayoendeshwa na kompyuta ikubali ombi lako. Kuna own, unaandika na namba ya jimbo, jimbo linakuwa lako bila risasi hata moja. Na kuna tag: ukiona nchi yako imeshazama, unahamia nyingine kama aliyeshuka daladala. Wagumu wanacheza Ironman, huko konsoli haifunguki, na ndiko tuzo zinakopatikana.

Kinachochekesha ni kwamba gemu lenyewe linaijua dhahabu kuliko mchezaji. Jimbo lenye mgodi linakuingizia pesa, sawa, lakini linapandisha mfumuko wa bei nchi nzima. Ukilazimisha sana uzalishaji, mgodi unaweza kukauka. Pesa ya cash haina hayo mambo. Haina duara wala karasha, wala kugombania marudio.

Sasa rudi kwenye ramani halisi. Gemu linaanza 1444 na kuishia 1821, kwa hiyo Mtemi Mirambo hayumo. Pengo kubwa, kwa sababu huyu Mnyamwezi ndiye aliyecheza Ironman ya ukweli. Alijijenga kwa rugaruga, bunduki na ushuru wa misafara, na miaka ya 1870 akawafungia njia wafanyabiashara Waarabu wa Tabora mpaka wakamheshimu. Akafariki Desemba 1884, wakati mkutano wa Berlin ukiwa unaendelea tangu Novemba 15. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza wakachora mstari kutoka pwani mpaka Ziwa Victoria, na 1890 wakauvusha ziwani kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta. Watemi wa Usukuma na Uzinza hawakuulizwa kitu. Own ya kwanza kanda ya ziwa haikuandikwa kwenye kompyuta.

Kuna waliopata kwa jasho. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, alihangaika miaka mpaka 1940 ndipo akaipata almasi ya Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 ikatoka hapo almasi ya waridi ya karati 54.5, akampa Princess Elizabeth wa Uingereza zawadi ya harusi. Shinyanga ilichangia harusi ya kifalme kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kadi ya mwaliko hatukuiona.

Ila amri inayokumbukwa zaidi Kahama ni ya 1996. Bulyanhulu, mkoa wa Shinyanga, ilijaa maelfu ya wachimbaji wadogo na familia zao. Mwishoni mwa Julai serikali ikawaamuru waondoke kupisha kampuni iliyokuwa na leseni, tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Muda waliopewa ulikuwa mfupi mno. Agosti mashimo yakafukiwa. Yakazuka madai kwamba kuna watu walifukiwa wakiwa ndani; serikali na kampuni wakakana, na malalamiko yakafika mpaka kitengo cha malalamiko cha Kundi la Benki ya Dunia. Barrick ikainunua Sutton 1999, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji 2001.

Mjomba wa yule kijana alikuwa Bulyanhulu mwaka ule. Siku moja akasimama nyuma ya kiti, akaona mpwa wake anaandika own na jimbo linabadilika rangi.

"Sasa waliokuwa wanakaa hapo umewapeleka wapi?"

"Mjomba, hapo hamna watu. Ni namba tu."

Na hakudanganya. Ukibofya jimbo kwenye gemu hilo unaona ustawi wake kwa namba tatu: kodi, uzalishaji, na nguvukazi ya jeshi. Ukilichukua kwa konsoli, hakuna anayefunga godoro kwenye baiskeli.

Mjomba akavuta kiti. Akataka aonyeshwe Geita iko wapi kwenye hiyo ramani, wakaitafuta pamoja kusini mwa ziwa, konsoli ikiwa bado wazi na neno own halijafutwa.