Ng'ombe Bila Malisho: Mageuzi ya Mwami Mutara III Rudahigwa, 1931–1959

Utangulizi

Historia ya Rwanda ya karne ya 20 mara nyingi huandikwa kwa kuanzia mwaka 1959, kana kwamba miongo iliyotangulia haikuwa na watu waliojaribu kuibadili nchi. Makala haya yanarejea utawala wa Mwami Mutara III Rudahigwa ili kujadili swali moja: kwa nini mageuzi yaliyowagusa watu wengi kiasi kile hayakutosha kuituliza nchi? Hoja yetu ni kwamba mageuzi hayo yaligawa ng'ombe lakini hayakuigusa ardhi ya malisho.

Mfalme chini ya wakoloni

Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911, akiwa mwana wa Mwami Yuhi V Musinga. Mnamo Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga madarakani na kumtawaza mwanawe. Musinga alifariki uhamishoni Kongo mwaka 1944. Hivyo basi, mfalme mpya alianza na doa: kiti alichokalia alikipokea kutoka kwa wale waliomfukuza baba yake. Alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake wakfu kwa Kristo Mfalme. Kutokana na hayo, wapo wanaomhesabu kuwa kibaraka tu. Hukumu hiyo haielezi vyema matendo yake ya baadaye.

Mageuzi na mpaka wake

Mwaka 1949 uburetwa, yaani kazi ya shokoa aliyotumikishwa raia kwa chifu, ulibadilishwa kuwa malipo ya fedha. Mwaka 1952 yaliundwa mabaraza ya ngazi mbalimbali, kuanzia mtaa wa chifu mdogo hadi Baraza Kuu la Nchi. Hatua kubwa zaidi ilikuja Aprili 1954, Mwami alipotangaza kufutwa kwa ubuhake. Katika mfumo huo, mtu (umugaragu) alipewa ng'ombe na mkubwa wake (shebuja), naye akamlipa kwa utumishi na utii. Baada ya tangazo hilo, ng'ombe waligawanywa kati ya pande hizo mbili.

Hata hivyo, ng'ombe hali hati ya umiliki, hula majani. Malisho, yaliyojulikana kama ibikingi, yalibaki mikononi mwa wakubwa wale wale. Aliyepata ng'ombe wake mwenyewe alilazimika kurudi kwa shebuja wa zamani kuomba mahali pa kumlisha. Utegemezi ulifutwa katika sheria, ukabaki katika maisha ya kila siku. Si ajabu kwamba Ilani ya Bahutu, iliyotolewa Machi 1957 na kutiwa saini na watu tisa, ilidai pia kutambuliwa kwa umiliki binafsi wa ardhi.

Jibu la utawala lilikuja Juni 1958. Baraza Kuu lilikataa kwamba kulikuwa na tatizo baina ya Wahutu na Watutsi, na ikapendekezwa maneno hayo yaondolewe katika hati za serikali. Kuondoa majina hayo, ambayo utawala wa Kibelgiji ulikuwa umeyaandika katika vitambulisho, kungeweza kuwa hatua ya umoja. Lakini kwa mkulima asiye na malisho, kufutwa kwa jina kabla ya kutatuliwa kwa dhiki kulionekana kama kufunikwa kwa malalamiko yake.

Mwami alifariki ghafla mjini Usumbura tarehe 25 Julai 1959, akazikwa Mwima, Nyanza. Suala la ibikingi halikuwa limepatiwa ufumbuzi. Miezi michache baadaye, mnamo Novemba, ghasia zililipuka.

Hitimisho

Leo Rudahigwa ni miongoni mwa mashujaa wa taifa katika daraja la Imena, na heshima hiyo ina msingi. Hata hivyo, kumheshimu hakutuzuii kumsoma kwa makini. Hatudai kwamba kugawa malisho kungezuia peke yake yaliyotokea. Ukoloni ulikuwa na mkono wake, na siasa za miaka ile zilikuwa na visababishi vingi. Tunachodai ni kwamba mtafiti wa mageuzi yoyote katika kanda yetu asiridhike kuuliza ni sheria gani ilifutwa. Aulize pia: siku iliyofuata, ardhi ilikuwa ya nani?